Nyanya ziliungua, chupa ya bakteria haikusaidia: kisa cha mavi ya kuku kule Kibaha

Hiki ni kisa cha mama mmoja anayefuga kuku wa mayai Kibaha, mkoa wa Pwani. Ana kuku kama mia tatu hivi kwenye keji, na pembeni ya banda ana bustani ya robo eka anapanda mchicha, nyanya na hoho. Jina lake silitaji ila mwenyewe kakubali nikielezee, kwa sababu anaona majirani wanarudia yaleyale yaliyomkuta na mimi naona hivo hivo. Nitakieleza chote mana mtaani tunapeana vipande tu, huyu anasema mbolea ya kuku inaunguza, yule anasema mwagia vijidudu vya dukani, mwingine anasema weka majivu, alafu hakuna anayekwambia ndani ya lile lundo kinaendelea nini.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Kuku wako kwenye keji kwa hiyo mavi yanadondoka kwenye sakafu ya sementi, kijana wa banda anayakwangua kwa koleo, anapakia kwenye toroli, anaenda kumwaga nyuma. Msimu wa kwanza wa nyanya mama alichukua mavi mabichi akaweka viganja viwili kila shimo, akafunika na udongo kidogo, akapandikiza miche juu yake, mana kila mtu anajua mbolea ya kuku ina nguvu. Wiki ya kwanza haijaisha miche ikaanza kunyauka wakati udongo una maji, kingo za majani zikawa za kahawia, na ukiung'oa mche unakuta ncha za mizizi zimekuwa nyeusi. Ile iliyopona ikazaa, lakini nyanya nyingi zikawa na kitako cheusi, unajua ile nyanya ukiiangalia juu ni nzuri ukiigeuza chini imeoza, hakuna mteja anayeichukua hata kwa bei ya kutupa.

Msimu uliofuata akaenda duka la pembejeo akauziwa chupa ya vijidudu, akaelekezwa achanganye na molasesi na maji, amwagie kwenye lundo, baada ya wiki tatu mbolea tayari. Akafanya kama alivyoambiwa. Wiki tatu zimekatika, lundo limelowa, limejaa funza, na amonia inakuwasha macho kabla hujafika.

"Mwanangu, hawa wadudu wa kwenye chupa walikuwa wameshakufa au nimeuziwa maji?" Ndo swali aliloniuliza, na ni swali zuri sana, ila jibu lake liko kwenye lundo zaidi kuliko kwenye chupa.

Nilivyochimba nikakuta hivi: juu kuna ukoko mkavu, chini yake tope jeusi linaloteleza, hakuna jani, hakuna pumba, hakuna maranda, ni mavi matupu. Kimo chake hakifiki magoti, limetandazwa tu. Ukilibinya mkononi linapenya katikati ya vidole kama uji mzito. Nikachomeka kipande cha nondo mpaka katikati nikakiacha kwa muda, kukitoa ni vuguvugu tu. Hapo tayari unajua tatizo ni nini, lakini tuanzie mwanzo ili ieleweke.

Kuku hakojoi kama ng'ombe au mbuzi. Ule weupe unaouona juu ya kinyesi cha kuku ndo mkojo wake, ni asidi ya yuriki, na sehemu kubwa ya naitrojeni iliyoko kwenye mavi ya kuku, asilimia 60 mpaka 70 hivi, imekaa kwenye huo weupe. Sasa mmea hauwezi kuila ikiwa hivo kwa kiwango cha maana, lazima vijidudu viifungue kwanza. Kuna bakteria wana vimeng'enya vya kuivunja asidi ya yuriki, inapita hatua mbili tatu inakuwa urea, ndiyo ile ile urea tunayonunua kwenye mfuko, alafu bakteria wengine wanaivunja urea inakuwa amonia. Kwenye joto la Pwani, na mavi yakiwa yamelowa, hiyo kazi inafanyika ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo harufu inayokuchoma macho pale nyuma ya banda ni ushahidi kwamba vijidudu viko na vinafanya kazi kwa kasi kubwa. Tatizo ni kwamba vikishaitoa hiyo amonia hakuna wa kuipokea, inapaa. Ni hela ya chakula cha kuku inayopotea hewani, mana ile protini ya soya na dagaa uliyonunua kwa bei ya juu sehemu yake kubwa inatokea hukohuko nyuma.

Na hapo ndo unaelewa kwa nini nyanya ziliungua. Kwenye lile shimo, chini ya mche, mavi mabichi yalivunjwa haraka, amonia ikajaa palepale kwenye mizizi michanga, na mavi ya kuku yana chumvi nyingi, kwa hiyo mzizi unanyimwa maji huku udongo umelowa. Hivo viwili vinatosha kuua mche. Kile kitako cheusi ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na watu wanashangaa mana mavi ya kuku wa mayai yana kalsiamu tele, si wanakula chokaa na magamba kila siku? Lakini mmea ukizungukwa na amoniamu nyingi, yaani amonia ikishayeyuka kwenye maji ya udongo, ile amoniamu inaizuia kalsiamu isiingie vizuri kwenye mizizi, ongeza na mizizi iliyoharibika na umwagiliaji wa leo nyingi kesho hakuna, tunda linakosa. Kwa hiyo kuongeza chokaa pale, kama alivyoshauriwa na jirani, kusingesaidia kitu.

Tuje kwenye chupa. Hizi dawa za vijidudu zinatokana na kazi ya Profesa Teruo Higa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, Okinawa, Japani, aliyezianzisha miaka ya 1980, na ndani yake kuna hasa bakteria wa maziwa lala, hamira na bakteria wanaotumia mwanga. Sio utapeli, na chupa ya huyu mama inawezekana kabisa ilikuwa nzima. Ila bakteria wa maziwa lala wanapenda sukari, wanapenda sehemu yenye uchachu, na hawahitaji hewa. Wewe unawamwaga kwenye lundo la mavi ambalo limejaa amonia, uchachu hakuna kabisa, sukari ni ile molasesi kidogo uliyoweka, na ndani mule tayari kuna bakteria wenyeji mabilioni kwenye gramu moja tu ya kinyesi, wamezoea mazingira yale. Wageni hawana nafasi. Na hata lundo lingekuwa zuri likapata moto, wale wa kwenye chupa wengi wangekufa kwa joto. Chupa inafaa ukiamua kufanya ile njia ya kuchachusha, unachanganya mavi na pumba laini na molasesi, unafungia kwenye pipa lisiloingiza hewa, uchachu unapanda na ule uchachu unaishika amonia isipae. Hiyo ni njia halali, inafanya kazi, lakini haitoi joto la kuua vimelea na kinachotoka bado ni kibichi, lazima ukifukie kwenye udongo ukae kabla ya kupanda. Kumwagia juu ya lundo la wazi ni kitu kingine kabisa.

Na majivu, naomba sana tuache. Majivu na chokaa kwenye mavi mabichi vinapunguza uchachu, na amonia ndo inapopaa zaidi. Harufu inatoka kwa nguvu siku mbili tatu alafu inapungua, mtu anaona dawa imefanya kazi, kumbe imepungua kwa sababu naitrojeni imeshaondoka.

Kilichokuwa kinakosekana pale kwa mama ni vitu vya kawaida kabisa, kaboni na hewa, pamoja na ukubwa wa lundo. Vijidudu vinajenga miili yao kwa kaboni na naitrojeni, na vinafanya kazi vizuri vikipata kaboni kama 25 mpaka 30 kwa kila naitrojeni moja, kwa uzito. Mavi ya kuku yana kama 7 tu. Mabua makavu ya mahindi yana kama 50 na kitu, pumba za mpunga zinafika 80 na zaidi, maranda ya mbao mamia. Ukiweka mabua kwenye mavi, vijidudu vinapata kaboni ya kula, vinaongezeka, na kwa kuongezeka vinaichukua ile amonia vinaifanya mwili wao, ndo inavoshikwa isipae. Hapo ndo mbolea inapotengenezwa, kwenye miili ya vijidudu, alafu vikifa na kuliwa na wenzao inaachiwa polepole kwa mmea.

Tukapiga hesabu na mama kwenye daftari lake la mayai, na hii naiandika mana watu wengi wanaweka majani kiganja kimoja wanaona wamechanganya. Kilo 100 za mavi mabichi ya kwenye keji, maji ni kama kilo 75, kinachobaki kikavu ni 25, humo kaboni kama kilo 9 na naitrojeni kama kilo moja na robo au kidogo zaidi. Ukitaka ufike 25 kwa moja unahitaji mabua makavu karibu kilo 100. Yaani kilo kwa kilo! Ukienda kwa ujazo ni toroli moja ya mavi kwa toroli nyingi za mabua yaliyokatwakatwa, mana mabua ni mepesi. Na kitu kingine, ukishaweka mabua yote hayo lile lundo lililokuwa tope linakuwa kavu mno, inabidi uongeze maji kama lita 60, ndoo tatu zile za lita 20. Mama hapo alinikatalia kabisa, "yaani haya mavi yanayovuja hivi niyaongezee maji?" Tukachanganya kidogo pembeni akabinya mwenyewe, hata tone halikutoka, ndo akaelewa. Kipimo ni hicho hicho cha mkono, ukibinya kwa nguvu itoke tone moja mawili, donge libaki limeshikana, basi.

Sasa kilo kwa kilo kuku mia tatu wanakupa mzigo mzito. Kuku mmoja wa mayai anatoa kama gramu 100 kwa siku, kwa hiyo ni kilo 30 kila siku, kilo mia mbili na kitu kwa wiki, na wewe utafute vitu vikavu kwa kiasi hicho hicho. Hapa ndo penye ugumu wa kweli wa hii kazi, ugumu wa bakteria haupo. Mabua Kibaha yanapatikana baada ya mavuno tu. Pumba za mpunga zipo upande wa Ruvu kwenye mashine za kukoboa, ni rahisi lakini zinaoza taratibu sana, zinasaidia zaidi kuingiza hewa kuliko kulisha vijidudu. Maranda ya mafundi seremala yapo ila kaboni yake nyingi imefungwa kwenye ule ugumu wa mbao, kwa hiyo usihesabu mamia yote, hesabu kidogo, na uulize kwanza kama ni ya mbao zilizotiwa dawa, kama ndiyo usiyachukue hata ukipewa bure. Mama aliishia kuchanganya, nyasi kavu zinazofyekwa pembeni ya viwanja, majani ya miembe, pumba, na maranda kidogo. Hakufika 25, nadhani alikuwa kwenye 20 hivi, na 20 inakubalika, unapoteza naitrojeni kiasi lakini lundo linafanya kazi.

Badiliko ambalo mimi nalihesabu ndo kubwa kuliko yote halikufanyika kwenye lundo, lilifanyika ndani ya banda. Badala ya mavi kudondoka kwenye sementi tupu na kukaa siku tatu nne yakivunjwa bila kaboni, kijana anatandaza pumba na majani makavu chini ya keji kwanza, mavi yanadondokea humo, kila asubuhi anaongeza tabaka jembamba juu. Amonia inaanza kushikwa siku ile ile. Na kuku wenyewe wanafaidika, mana amonia ikizidi bandani inawaharibu macho na njia ya hewa, na kuku mwenye njia ya hewa mbovu ugonjwa haukawii. Ukiingia kwenye lile banda sasa hivi macho hayawashi, hilo mama analisema kabla hata ya kukutajia nyanya.

Lundo lenyewe tukalijenga la mita moja na zaidi kila upande, kwenda juu pia, mana likiwa dogo au limetandazwa joto linatoka kabla halijakusanyika. Chini tabaka la matawi ili hewa ipite, juu turubai kwa ajili ya mvua za vuli, bila kulibana pembeni. Siku ya tatu ile nondo ilikuwa haishikiki, unaigusa unaachia. Mule ndani hakuna aliyewasha kitu, ni vijidudu vinavyokula. Wale wa joto la kawaida wanaanza, joto likipanda wanawapisha wanaopenda joto kali, jamii ya basilasi na wenzao, na kuna wale wanaofanya nyuzinyuzi za kijivu kama majivu kwenye mabua, wengi wanadhani ni ukungu mbaya wanatupa, usitupe, hao ndo wanaovunja vitu vigumu na ndo wanaoleta ile harufu ya udongo ulionyeshewa mvua.

Joto unalolitaka ni nyuzi 55 mpaka 65 za sentigredi. Chini ya 55 vimelea kama salmonela havifi kwa uhakika, juu ya 65 hata vijidudu unavyovitaka vinaanza kuzimia. Kanuni za kilimo hai za Marekani kwa lundo la kugeuza zinataka angalau siku 15 kwenye 55 au zaidi na kugeuza mara 5, na mimi naifuata hiyo kwa mtu yeyote anayelima mboga, hasa za kachumbari. Kugeuza maana yake cha nje kiingie ndani, mana pembeni huwa hakuchemki na ndo funza wanapokimbilia. Na mzoga wa kuku usiingie humo hata mmoja, kama kuna ugonjwa wa kideri bandani unausambaza.

Sasa kuna sehemu moja watu wengi wanaharibu, na mama alitaka kuharibu pia. Lundo likishapoa, limekuwa jeusi, halinuki, mtu anasema tayari, anabeba. Bado. Lile joto liliwafukuza bakteria muhimu sana, wale wanaogeuza amoniamu kuwa naitreti, ile naitrojeni ambayo mmea unaichukua kirahisi. Ni makundi mawili, Nitrosomonas na wenzake wanageuza amoniamu kuwa naitraiti, alafu Nitrobacter na wenzake wanageuza naitraiti kuwa naitreti. Hawa hawapendi joto kali wala amonia nyingi, wanarudi lundo likishapoa, na wanafanya kazi polepole. Hasa wale wa pili amonia inawaumiza zaidi, kwa hiyo ukiharakisha unaweza kupeleka bustanini mbolea yenye naitraiti, na hiyo mizizi haiipendi. Tukaliacha lipumzike chini ya turubai, na unyevu kidogo, bila kugeuza, zaidi ya mwezi mwingine. Nyanya inataka hiyo naitreti, kile kitako cheusi sehemu ya dawa yake ni hiyo.

Jinsi ya kujua limekomaa bila maabara: jaza mbolea yenye unyevu nusu chupa ya mdomo mpana, funga siku tatu kivulini, fungua unuse. Ikitoka amonia au uvundo rudisha, ikinuka udongo endelea. Alafu otesha mbegu za mchicha kwenye kopo la mbolea iliyochanganywa na udongo nusu kwa nusu na kopo la udongo mtupu, ziote sawa. Mama kopo lake la kwanza la mbolea mbegu ziliota chache na za manjano, akasubiri, la pili likaota vizuri, ndo akabeba.

Matokeo yake niyaseme kama yalivyo. Miche ya nyanya ilishika yote isipokuwa michache iliyokatwa na sota, wale viwavi wanaokata miche. Kitako cheusi kimepungua sana ila hakijaisha, na kilichobaki naamini ni cha umwagiliaji, kuna siku maji ya bomba hayatoki. Kwenye mchicha mbolea hii peke yake haikutosha, na nilimwambia mapema, mana mchicha unavunwa wiki tatu nne tu wakati mbolea iliyokomaa inaachia sehemu ndogo tu ya naitrojeni yake kwa msimu. Anaongezea urea kidogo kwenye matuta ya mchicha na sioni ubaya wowote, ule udongo wa kichanga sasa unaishika, zamani mvua moja ilikuwa inaipeleka yote chini.

Kuna aliyemshauri aweke na Minjingu, ile mbolea ya fosfeti ya mawe, kwenye lundo ili vijidudu viiyeyushe. Ni kweli kuna bakteria na kuvu wanaotoa asidi za kuyeyusha fosfeti ya mawe, lakini lundo la mavi ya kuku halina uchachu na lina kalsiamu nyingi, mazingira ya kuyeyusha hayapo. Minjingu iende moja kwa moja kwenye udongo wenye uchachu. Tena mavi ya kuku yenyewe yana fosforasi nyingi tayari, na hili ndo jambo ninaloliangalia sasa kwa huyu mama. Mmea unachukua naitrojeni mara sita mpaka nane ya fosforasi, mbolea hii inakupa kama mbili kwa moja. Ukiweka kwa kufuata naitrojeni kila msimu, fosforasi inarundikana, ndo yaliyowakuta jimbo la Maryland kule Marekani, eneo la kuku wengi, mpaka mwaka 1998 ikapitishwa sheria ya kudhibiti mbolea mashambani ili kulinda maji ya ghuba ya Chesapeake. Kuku mia tatu kwenye robo eka ni wengi kuliko bustani inavyohitaji. Kwa hiyo tumekubaliana ziada isiingie tena kwenye matuta yale yale, anauza kwa viroba kwa wenye miche ya matunda na maua, na udongo wake anaupeleka kupimwa kabla ya msimu ujao.

Na siku anazowapa kuku oksitetrasaikilini au antibiotiki nyingine ya namna hiyo, mavi ya siku hizo yanaenda kwenye lundo la peke yake, linachemshwa na kugeuzwa muda mrefu zaidi, na haliendi kwenye mboga za majani, linaenda kwenye migomba.